Habari za Bwana Andrew Foster na Shule za Watoto Viziwi

Ni desturi ya chama chetu, baada ya kutoa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, kuweka katika kitabu hiki cha mwaka habari moja ya mambo yaliyopita, ili wanachama wapate kusoma neno lisilokuwa hesabu tupu. Mwaka huu Kamati imetuagiza, sisi tulio katika kazi ya ukarani, tuandike habari za shule za Kikristo za watoto viziwi, na hasa habari za Bwana Andrew Foster aliyezianzisha katika nchi nyingi za Afrika. Kabla hatujaanza, yafaa tueleze kwa nini Kamati iliona vema kuchagua habari hiyo na kuacha nyingine.

Katika mkutano wa Kamati uliozungumza juu ya karo, ililetwa barua ya mwanachama wetu wa siku nyingi. Ana binti wa miaka tisa ambaye hasikii, naye aliomba msaada ili ampeleke katika shule ya bweni ya viziwi. Mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mtunzaji mwaminifu wa fedha za chama, aliuliza kama fedha hizo hazitakuwa sawa na maji yaliyomwagwa mchangani, maana watoto wanaosikia walio katika orodha ya kungoja ni wengi. Hakusema kwa ubaya. Wajumbe wengine wakanyamaza, na jambo likaahirishwa mpaka Mkutano Mkuu.

Nasi tunalo la kukiri. Tulipokuwa tukizunguka mtaani kuandika majina ya watoto waliofikia umri wa shule, tulibisha hodi katika nyumba ya mwanachama huyo huyo. Tukamwuliza mama wa nyumba ana watoto wangapi, akajibu kwamba ni wanne. Tukaandika wanne. Tulipokuwa tukifunga daftari, akatokea nyuma ya nyumba msichana aliyebeba ndoo ya maji, akaiweka chini, akatuamkia kwa mkono. Hatukuuliza huyu ni nani. Tukaaga, tukaenda zetu, na daftari likabaki na wanne. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwa maana litamfaa katika habari inayofuata.

MBEGU ILIKOTOKA

Kazi ya kuwafundisha watoto viziwi kwa ishara za mikono ilishika mizizi kwa mkono wa padre mmoja wa Ufaransa, Charles-Michel de l'Épée, aliyezaliwa mwaka 1712. Padre huyo alikutana katika mji wa Paris na wasichana wawili, ndugu wa tumbo moja, wote viziwi. Alihuzunika kuona kwamba hawakuwa na mtu wa kuwafundisha neno la Mungu wala neno jingine lolote, akaamua kuwafundisha yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1760 nyumba yake ilikuwa imekwisha kuwa shule. Hakutoza karo, alipokea watoto wa maskini na wa matajiri sawasawa, na fedha zake mwenyewe zikaishia humo.

Jambo lililomfanya afaulu ni kwamba alikubali kuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. Aliona kwamba viziwi wa Paris walikuwa na ishara zao za kuzungumza wao kwa wao. Akajifunza ishara hizo, akaziongeza na kuzipanga ili ziweze kufundishia kusoma na kuandika. Alifariki mwaka 1789, na mwaka 1791 serikali ya Ufaransa ikaichukua shule yake iwe ya taifa zima.

Kutoka Paris mbegu ilivuka bahari. Katika mji wa Hartford, Marekani, alikuwako mchungaji kijana jina lake Thomas Hopkins Gallaudet. Mwaka 1814 alimwona mtoto wa jirani yake, Alice Cogswell, msichana kiziwi wa miaka tisa, akicheza peke yake, akajaribu kumfundisha maneno machache. Wazazi na watu wengine wa mji walichanga fedha wakamtuma Ulaya akatafute elimu hiyo. Aliipata Paris, akarudi mwaka 1816 pamoja na mwalimu kiziwi, Laurent Clerc. Safari ya baharini ilichukua siku 52, na njiani mmoja alifundisha ishara na mwenzake akafundisha Kiingereza. Tarehe 15 Aprili 1817 walifungua shule yao Hartford. Mwana mdogo wa Gallaudet aliendeleza kazi hiyo katika mji wa Washington, na mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyoiruhusu shule ya huko kutoa shahada za chuo kikuu. Chuo hicho kikaja kuitwa Gallaudet.

Walakini haifai tufiche kwamba mti huu ulipigwa shoka. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana katika mji wa Milan, Italia, na wajumbe karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Wakakata shauri kwamba ishara za mikono ziachwe na watoto wafundishwe kutamka kwa midomo tu. Kwa muda wa miaka mingi katika nchi nyingi watoto walikatazwa kutumia mikono yao, na walimu viziwi wakapoteza kazi. Ilikuwa mwaka 2010, katika mkutano wa namna ile ile uliofanyika Vancouver, Kanada, ndipo azimio la Milan lilipokataliwa rasmi na majuto kutolewa. Miaka 130 ni muda mrefu wa kungojea neno la kuungama kosa.

KIJANA WA ALABAMA

Andrew Foster alizaliwa mwaka 1925 karibu na mji wa Birmingham, katika jimbo la Alabama, Marekani. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Andrew alisikia kama watoto wengine mpaka alipofika umri wa miaka 11. Hapo yeye na ndugu yake mdogo walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Walipona wote wawili, lakini masikio yao hayakurudi.

Wakati ule watu weusi wa Alabama walitengwa na weupe katika kila jambo, na viziwi hawakuachwa nje ya utengano huo. Andrew alipelekwa katika shule ya Talladega iliyowekwa kwa watoto viziwi weusi, ambako mafunzo hayakuendelea mbali. Alipokuwa kijana alihamia Detroit, akakaa kwa shangazi yake, akafanya kazi viwandani mchana na kusoma usiku. Katika kanisa moja la mji huo alimsikiliza mmisionari akieleza habari za nchi za mbali na haja zake, na tangu siku hizo akakusudia kuitoa nafsi yake kwa kazi ya Mungu miongoni mwa viziwi.

Tungependa makarani wenzetu waliomo chamani waangalie jinsi alivyosoma. Mwaka 1950 alipata hati ya elimu ya hesabu za biashara katika chuo cha mji wa Detroit. Mwaka 1951 alimaliza masomo ya sekondari kwa njia ya barua. Aliomba nafasi katika chuo cha Gallaudet, na mwanzo alikataliwa kwa kuwa ni mtu mweusi. Aliomba tena. Mwaka 1951 alipokelewa na kulipiwa gharama za masomo, na mwaka 1954 akatoka na shahada, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika chuo kile. Mtu asidhani kwamba mlango ulikuwa umefunguka kwa wote. Watoto weusi viziwi wa mji wa Washington hawakuruhusiwa kusoma katika shule ya watoto iliyokuwa ndani ya ua wa chuo hicho mpaka wazazi wao walipokwenda mahakamani na kushinda mwaka 1952. Mwaka 2023 chuo chenyewe kiliwaandalia wanafunzi wale wa zamani sherehe ya kuwapa hati zao, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Bwana Foster hakusimama hapo. Mwaka 1955 alipata shahada ya pili ya elimu huko Michigan, na mwaka 1956 shahada nyingine ya kazi ya umisionari katika mji wa Seattle. Mwaka huo huo wa 1956 alianzisha huko Detroit chama cha kupeleka Injili na elimu kwa viziwi wa Afrika. Mashirika makubwa ya umisionari hayakuwa na kazi ya namna hiyo katika Afrika ya Magharibi, na mtu kiziwi mweusi hakutazamiwa kuwa mmisionari. Alipoona hapana chama cha kumtuma, alianzisha chake, akajituma.

ACCRA, 1957

Alifika Ghana mwaka 1957, mwaka ule ule nchi hiyo ilipopata uhuru, tarehe 6 Machi. Alipouliza habari za watoto viziwi, aliambiwa na watu waliokuwa wamekaa Afrika kwa miaka kwamba watoto wa namna hiyo hawapo, au kama wapo ni wachache mno.

Hapa tunamrudisha msomaji kwenye daftari letu. Waliomjibu Bwana Foster hawakuwa waongo. Walitembea vijijini na mijini, wakahesabu watoto waliotolewa nje kuhesabiwa. Mtoto kiziwi hakutolewa. Wazazi waliona haya, au waliogopa maneno ya majirani, au walimhitaji abaki nyumbani kuchota maji na kuchunga mbuzi kwa kuwa hapakuwa na shule iliyomtaka. Yeye naye, akiitwa kwa sauti, hageuki. Basi ni rahisi sana kusema kwamba hayupo.

Bwana Foster, kwa kuwa ni kiziwi mwenyewe, alijua kwamba wapo. Aliwatafuta, akawapata, na mwaka huo huo wa 1957 akaanza kuwafundisha katika mji wa Accra, pamoja na watu wazima waliotaka kusoma. Hakuwa na jumba. Aliazima madarasa ya shule nyingine, akayatumia baada ya wanafunzi wenyewe kwenda kwao. Habari zilipoenea, nyumba zilizosemekana hazina viziwi zilianza kuwatoa, na majina ya waliongojea nafasi yakawa mengi kupita nafasi zenyewe. Watoto wa mbali walihitaji mahali pa kulala, kwa hiyo mwaka 1959 ilianzishwa shule ya bweni huko Mampong, katika milima ya Akuapem. Serikali ya Ghana nayo ikatoa msaada wake, na elimu ya viziwi ikawa sehemu ya kazi ya taifa.

Labda mwanachama atauliza ni mambo gani yafundishwayo katika shule kama hiyo, na huo ndio moyo wa swali lililoulizwa katika Kamati. Mtoto anayesikia huja shuleni akiwa na maelfu ya maneno aliyoyaokota bila kufundishwa, mgongoni mwa mama, jikoni na njiani. Mtoto aliyezaliwa kiziwi katika nyumba ya wanaosikia huja bila hata neno moja la lugha hiyo. Mara nyingi hajui hata kwamba yeye ana jina. Akili yake ni nzima, lakini hapana aliyempa chombo cha kufikiria na kuulizia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumpa lugha. Humwonyesha kitu na ishara yake, kisha herufi za neno lile kwa vidole, kisha neno lenyewe limeandikwa ubaoni. Siku mtoto anapofahamu kwamba kila kitu kina jina, na kwamba yeye aweza kuuliza jina la asichokijua, mlango umefunguka. Yanayofuata ni hesabu, kusoma, maandiko ya dini na kazi za mikono, kama katika shule yoyote.

Yafaa pia kusema kwamba lugha za ishara si mchezo wa kuigiza wala si lugha ya maneno iliyokatwa vipande. Mwaka 1960 mwalimu William Stokoe wa Gallaudet alitoa uchunguzi wake ulioonyesha kwamba ishara za viziwi wa Marekani zina kanuni zake, kama lugha nyingine zilivyo na sarufi zake. Viziwi walilijua jambo hilo kabla yake, lakini ilikuwa vema kuliona limechapishwa.

KUKUA KWA KAZI

Mwaka 1960 Bwana Foster alivuka kwenda Nigeria, na shule ikaanzishwa Ibadan. Mwaka 1961 alimwoa Berta Zuther, mwanamke wa Ujerumani ambaye naye alikuwa kiziwi, nao wakajaliwa watoto watano. Ibadan ikawa pia mahali pa kuwafunza walimu. Vijana viziwi waliletwa kutoka nchi mbalimbali, zikiwamo zile zinazotumia Kifaransa, wakafundishwa kazi ya ualimu, kisha wakarudi kwao kufungua shule. Kwa njia hiyo kazi ilienea upesi kuliko ambavyo mtu mmoja angaliweza kutembea. Katika muda wa miaka 30 zilianzishwa shule zaidi ya 30 katika nchi 13 hivi za Afrika, pamoja na makanisa na shule za Jumapili za viziwi. Baadhi ya wanafunzi waliosoma A na B katika madarasa ya kuazima walifika Gallaudet wenyewe.

Fedha zilipatikana namna gani? Hili twajua litawapendeza wenye kushika vitabu vya hesabu. Bwana Foster aliugawa mwaka wake. Muda wa miezi mingi alikuwa Afrika akifungua na kukagua shule. Muda uliobaki alikuwa Marekani akienda kanisa kwa kanisa, akieleza kwa ishara haja za watoto aliowaacha, na kuchangisha fedha. Hakuwa na hazina ya serikali nyuma yake wala shamba la urithi. Shule zile zilijengwa kwa sadaka ndogo ndogo, na kwa mtu aliyekubali kuomba mwaka baada ya mwaka bila kuona haya.

Gallaudet ilimpa shahada ya heshima mwaka 1970. Tarehe 3 Desemba 1987 alipanda ndege ndogo nchini Rwanda, na safari ilikuwa ya kuja huku kwetu Kenya. Ndege ilianguka karibu na Gisenyi, na waliokuwamo wakafa. Alikuwa na umri wa miaka 62. Mjane wake aliendelea na kazi ya chama alichokianzisha. Mwaka 2004 chuo kilichomkataa mara ya kwanza kiliuita ukumbi wake mmoja kwa jina lake.

YALIYO NA MASWALI

Historia iliyo ya haki haisemi sifa peke yake. Ishara alizozifundisha Bwana Foster zilikuwa hasa zile za Marekani, ambazo alisoma kwazo yeye mwenyewe. Lakini Afrika haikuwa tupu. Si mbali na Mampong, katika milima ile ile ya Akuapem, kipo kijiji kiitwacho Adamorobe, ambacho tangu vizazi vingi wamezaliwa viziwi wengi. Watu wa kijiji hicho, wanaosikia na wasiosikia, walikuwa na lugha yao ya ishara iliyotokea pale pale. Watoto viziwi wa kijiji walipokwenda shule ya bweni walirudi na ishara za shuleni, na lugha ya kijiji ikaanza kupungua. Wataalamu wa lugha wameiandika sasa kwa hofu kwamba itapotea.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni twalijua jambo hili kwa masikio yetu. Nasi tulipewa lugha ya kigeni kuwa mlango wa elimu, nasi tulirudi nyumbani na maneno ambayo bibi zetu hawakuyajua. Hatuwezi kusema kwamba tungalikaa bila shule. Wala hatuwezi kusema kwamba hapana kilichopotea. Tunadhani neno la haki ni kwamba Bwana Foster aliwapa watoto alichokuwa nacho, wakati ambapo wengine hawakuwapa kitu, na kwamba waliokuja baada yake wana wajibu wa kujifunza pia ishara walizozikuta, kama alivyofanya yule padre wa Paris.

KWETU KENYA

Katika Kenya kazi hii ilianza kwa njia nyingine, karibu wakati ule ule. Mwaka 1958 kiliundwa chama cha kuwasaidia watoto viziwi wa Kenya, na mwaka 1961 shule zilianzishwa na Wakatoliki huko Nyang'oma, Nyanza, na huko Mumias. Makanisa na wananchi wa sehemu nyingine wakafuata mfano huo. Kwa miaka mingi shule zetu nazo zilishika njia ya kufundisha kutamka kwa midomo, na watoto walikatazwa kutumia mikono darasani. Lakini usiku, bwenini, taa zikiwa bado zinawaka, walifundishana ishara wao kwa wao. Hivyo lugha ambayo haikupewa nafasi darasani ilikua vitandani, kubwa akimfundisha mdogo.

Katika miaka ya 1980 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1986 ilianzishwa taasisi ya serikali ya kufunza walimu wa elimu maalumu, na ishara zikaanza kukubaliwa madarasani. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Nairobi kilichunguza lugha ya ishara ya Kenya na kuiandika. Na Katiba tuliyoipokea mwaka 2010 ikafanya jambo ambalo wajumbe wa Milan wasingaliliamini. Kifungu cha 120 kinasema kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika shule, na haki ya kutumia lugha ya ishara. Kwa hiyo yule msichana mwenye ndoo, aliyetuamkia kwa mkono, alitumia mkono wake kama wazungumzavyo wenye lugha ya Bunge. Sisi ndio tusiojua kujibu.

Lakini katiba ni karatasi mpaka mtu ailipie karo. Shule za viziwi ni chache kuliko watoto, nyingi ni za bweni kwa sababu watoto hutoka mbali, na bweni lina gharama zake za chakula, godoro na nauli. Wazazi wengi huchelewa kumleta mtoto mpaka amepita miaka kumi, na kila mwaka unaopita bila lugha ni mzigo ambao mwalimu atauona na mtoto ataubeba. Lugha haingoji kama shamba lingojavyo mvua. Ina majira yake katika umri wa mtoto, nayo majira yale yakipita, kujifunza kunakuwa kugumu mara nyingi zaidi.

NENO LA MWISHO KWA WANACHAMA

Katika lugha yetu neno kusikia lina maana mbili. Mtu husikia sauti, na mtu husikia akionywa, yaani hutii. Wazee husema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni njema kwa mkaidi, lakini tumeitumia vibaya juu ya mtoto kiziwi, tukamhesabu kuwa mkaidi au mpumbavu kwa jambo ambalo hakulichagua. Tumemwita bubu, kana kwamba hana la kusema, kumbe hapana aliyemfundisha kusema kwa njia aiwezayo.

Mzee wetu aliuliza swali la haki, nasi tumejaribu kulijibu kwa habari na si kwa maneno matamu. Aliuliza kama fedha zitazaa. Historia inajibu kwamba fedha za watu wa Hartford waliochanga kwa ajili ya msichana mmoja wa miaka tisa zilizaa shule, shule ikazaa chuo, chuo kikamfundisha mtu mmoja kiziwi aliyekwisha kukataliwa, na mtu huyo akazaa shule zaidi ya 30 katika bara letu. Hatuahidi kwamba binti wa mwanachama wetu atafanya hayo. Hatuwaahidi hivyo wala watoto wanaosikia, na bado tunawalipia karo kila mwaka.

Wapo pia watoto wanaosikia katika orodha ya kungoja, nao wana haki. Hatutaki mmoja wao aondolewe. Mweka hazina ametuonyesha kwamba kiasi kilichotengwa mwaka huu hakitoshi kwa wote, na kwamba mchango wa mwanachama haujaongezwa kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo Mkutano Mkuu utaletewa maswali mawili. La kwanza, je, watoto viziwi na wengine wenye ulemavu waingizwe katika orodha ya karo pamoja na wenzao? La pili, je, mchango wa kila mwezi uongezwe ili jambo hilo liwezekane bila kumnyang'anya mwingine? Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijazwi na wanaotazama.

Kwa upande wetu, tumekwisha kufanya lililo katika uwezo wa karani. Tumerudi katika nyumba ile, tukabisha hodi, tukaomba radhi. Mama akamwita binti yake kwa kumgusa bega, naye akaja akasimama mbele yetu. Tukafungua daftari, tukaifuta ile nne, tukaandika tano, na mbele ya hesabu tukaandika jina lake kamili, yeye mwenyewe akitazama kalamu jinsi inavyokwenda. Kisha akanyosha mkono aombe kalamu. Hakujua kuandika. Alichora mstari mmoja chini ya jina, akaturudishia.